Mazoezi ya Kumjibu Tante Kanyere

Zacharie alijifunga kitenge kichwani, akaikalia ndoo iliyopinduliwa, akapandisha mabega, akakunja midomo. Basi kijana wa watu, mnunuzi wa kakao mwenye ndevu zake na buti zake za matope, akageuka kuwa Tante Kanyere kabisa.

"Jemima, mutoto wangu," alisema kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, "karibu. Ikala. Hapana pale, ikala hapa, pa kukuona muzuri."

Jemima alicheka mpaka akashikilia meza ya kukaushia kakao asianguke.

"Zacharie, acha! Sasa leo jioni nitamuangalia mama wa batu na macho gani?"

"Zacharie njo nani? Miye ni Tante. Ikala."

Walikuwa kwenye uwanja wa Zacharie, pale Beni, mtaa wa Malepe, Alhamisi mchana. Kakao ilikuwa imetandazwa juu ya meza ndefu za matete, na harufu yake, nusu ya siki nusu ya utamu, ilikuwa imemwingia Jemima kwenye nguo tangu asubuhi. Jumamosi ukoo wa Zacharie ungepanda kwenda Butembo kumwomba Jemima kwa wazazi wake. Lakini ukoo ule haupandi wala haushuki bila neno la Tante Kanyere, dada ya baba, aliyemlea Zacharie tangu mama yake alipofariki.

Mambo ya kanisa yalikuwa yamekwisha. Wakatoliki wa Beni na Waprotestanti wa Butembo walikuwa wamebishana kwenye simu mwezi mzima, halafu wakachoka wenyewe. Kilichobaki ni kimoja tu, kazi ya Jemima. Zacharie alimwambia siku ile ile alipompokea mpakani Kasindi, akitoka Entebbe na sanduku lake. "Tante anaogopa," alisema, akiangalia barabara. "Anasema hiyo kazi ya mionzi itakukausha tumbo. Tena anasema hautarudia huku." Na leo jioni Tante alikuwa amewaita kwake kunywa chai. Ukimwuliza mtu yeyote wa ukoo ule, atakuambia kwamba chai ya Tante Kanyere si chai. Watu wametoka pale wakiwa hawajui tena kama wana akili zao.

Wazo la kufanya mazoezi lilikuwa la Jemima. Kule Afrika Kusini, katika maabara moja ya hospitali, kazi yake ni kutengeneza dawa yenye mionzi kidogo, anayodungwa mgonjwa kwenye mshipa. Dawa yenyewe haiponyi mtu. Inasafiri na damu, inaingia kwenye ubongo, inashika mahali panapofanya kazi kitu kinachoitwa dopamine, na kutoka pale inatoa ishara ambayo mashine inaiona na kuipiga picha. Shida yake ni kwamba haina maisha. Hayatimii masaa mawili, nusu yake imeshakufa. Haiwekwi stoo na haisubiri mtu aliyesahau kitu. Kwa hiyo, kabla ya kutengeneza dawa mpya na mionzi yake, Jemima na wenzake wanaifanya kwanza bila mionzi, hatua kwa hatua, kila mkono mahali pake, ili siku ya kweli asiwepo mtu wa kusimama na kujikuna kichwa. Wanayaita mazoezi ya baridi.

"Basi na Tante pia tutafanya ya baridi kwanza," alikuwa amesema jana yake. "Weye utakuwa Tante."

Mwanaume mwingine angekataa. Zacharie aliuliza tu kitenge atakipata wapi. Kati ya sababu zote zilizomfanya Jemima ampende, hiyo nayo ilikuwa mojawapo.

"Donc, basi," Zacharie akaendelea, akipangusa pua kwa ncha ya kitenge kama Tante anavyofanya, "batu banasema kule unapikaka dawa."

"Ndiyo, Tante."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuangalia mu kichwa, Tante. Ndani."

"Ya kuona mutu kama anadanganya?"

"Hapana, Tante. Ya kuona dopamine."

"Na huyo Dopamine ni mutoto wa nani?"

Jemima aliuma midomo. "Si mutu, Tante. Ni kitu yenye Mungu alitia mu kichwa ya kila mutu. Ukitaka kushika kikombe, njo inasukuma mukono uende. Ukiona kitu muzuri, njo inakuambia, ile, fuata ile."

"Aaa!" Zacharie akainua kidole. "Donc, Zacharie wangu akikuona weye, hiyo kitu inaamuka?"

"Tante hawezi kuuliza hiyo!"

"Tante ni muke wa Beni, anaulizaka yote. Jibu."

"Sijue, Tante. Sijamupiga picha."

"Mupige basi," Zacharie akasema, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, nzito na ya chini. Kicheko kikakatika. Wakabaki wanaangaliana, yeye juu ya ndoo na kitenge kichwani, Jemima na punje za kakao kiganjani. Miaka mitatu walikuwa wameishi kwenye simu. Kila alfajiri dawa ilipotoka mikononi mwa Jemima na kukimbizwa kwa wagonjwa, alivua glavu, akanawa, akampigia Zacharie, naye Zacharie wakati huo alikuwa anatandaza kakao. Alizoea kumpenda kwa sikio tu. Sasa alikuwa mbele yake na macho yale, na Jemima alisikia mwili mzima ukipata joto. Akaangalia pembeni.

"Endelea," alisema taratibu. "Tante hajamaliza."

Zacharie akakohoa, akarudisha sauti nyembamba. Lakini sasa haikuchekesha kama mwanzo.

"Na hiyo mionzi, mutoto wangu. Unaishika kila siku. Tumbo yako iko muzuri? Batoto batakuya?"

"Tunachungaka sana, Tante. Kuna ukuta ya risasi, ile madini nzito yenye inazuia mionzi, tunafanyia nyuma yake. Batoto batakuya, Mungu akipenda."

"Na utarudia lini kabisa?"

Jibu la swali hilo Jemima alilipika tangu Jumatatu. "Karibuni, Tante. Kazi ikiisha tu."

"Karibuni ni lini?"

"Ni... karibuni, Tante."

"Mwaka huu?"

"Tante, kazi kama hii haina..."

"Mwaka ujao? Ao ni karibuni yenye batu ba kule banasemaka, mutu anaenda, anatuma foto, anatuma salamu, na siku moja hatumi tena?"

Kitenge kilikuwa kimemshukia sikioni. Hakukirudisha. Jemima akaweka zile punje za kakao mezani.

"Zacharie," alisema, "hiyo ni swali ya Tante ao ni yako?"

Zacharie akaokota punje moja iliyoanguka. Wakati ule ule upepo ukapiga bati la depo, ghala lake la magunia, vumbi likanyanyuka uwanjani, na tone la kwanza, zito, likadondoka katikati ya kakao.

"Mvua!" Zacharie akaruka kutoka kwenye ndoo. "Bâche! Jemima, shika ile bâche!"

Nani atagombana wakati kakao inalowa? Hao wawili waligombana. Walivuta turubai huku na huku, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule, wakipigana na upepo na wakirushiana maneno kupitia juu ya kakao.

"Vuta kule! Miye siko nakukataza kazi!"

"Unaniuliza kama mutu wa douane ku mupaka!"

"Tia jiwe! Hapana lile, lile kubwa! Mutu hawezi kuuliza muke wake ataishi wapi?"

"Kazi yangu haina miguu, Zacharie! Dawa ikitoka mu mashine kule, ndege bado haijaruka, nusu imekufa. Nitaileta Beni namna gani, mu gunia?"

"Na miye kakao nitaipanda kule mu ndoo?"

"Nani alikuambia uipande?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka uniambie ukweli! Hiyo swali ni ya nani?"

"Kona ya huku imebaki wazi," ikasema sauti ya tatu.

Waligeuka. Mlangoni, chini ya mwavuli wa mistari, alisimama Tante Kanyere mwenyewe, mfupi, mnene, viatu vyake mkononi ili visilowe. Pikipiki iliyomleta ilikuwa inaondoka barabarani. Alimwangalia Jemima, akaiangalia kakao, halafu macho yakapanda pole pole hadi kichwani kwa Zacharie, yakakaa pale.

"Hiyo kitenge ninaijua," alisema.

Zacharie akakigusa kitenge kana kwamba amesahau kiko pale. "Tante. Karibu, Tante. Tulikuwa tunakuya kwako jioni..."

"Kwangu leo kuna bageni batatu ba ukoo na masikio yabo. Nikasema nikuye miye, tuzungumuze bila batu ku mulango." Akafunga ile kona iliyobaki wazi kwa mkono mmoja, barabara kabisa, halafu akatangulia kuingia depo bila kuombwa. "Nikiwa barabarani nasikia sauti yangu inauliza maswali. Nikajiuliza, kumbe miye nimefika tayari?"

Ndani ya depo magunia yalipangwa hadi karibu na bati, na mvua ilipiga juu kwa kelele nyingi. Jemima alipiga magoti kidogo kusalimia, salamu za Kinande, lugha ya kwao Butembo, zikamtoka zenyewe. Tante akamjibu vizuri tu, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Halafu akakalia gunia, akapanga kanga yake magotini.

"Haya. Endelea. Nataka kusikia vile nilijibiwa."

"Tante, ilikuwa ya kucheka tu," Zacharie akasema. Alikuwa amekivua kitenge, anakificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

"Na miye nataka kucheka. Vaa."

"Tante..."

"Vaa, Zacharie."

Akavaa. Jemima aliyekuwa amejaa hasira hadi kooni akageuza uso kwenye magunia, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Jemima, mutoto wangu," Zacharie akaanza, sauti haikuwa ya Tante wala ya kwake, "unapikaka dawa ya nini?"

"Hapo ni sawa," Tante akasema. "Hiyo ningeuliza. Ingine."

"Na hiyo mionzi... haitakukausha tumbo?"

Tante Kanyere akainua mkono. "Simama. Hiyo nani aliuliza?"

"Ni... weye, Tante."

"Miye? Lini?"

Mvua ilikuwa na kelele, lakini Jemima alilisikia kila neno.

"Nauliza lini, Zacharie. Miye nilizaa batoto saba, mu mimba ya nusu yabo nilipigwa radio, ile picha ya mionzi, ya kifua, ya mukono, na hakuna mwenye alikauka. Nilikuambia lini maneno ya tumbo ya mutoto wa batu?"

Zacharie akaangalia buti zake.

"Tante," Jemima akauliza, "na ya kusema sitarudia? Hiyo haukuisema?"

"Nitaisema namna gani? Kwani miye njo ninakuoa?"

Hapo Jemima akaelewa yote. Wiki nzima alikuwa hana usingizi kwa ajili ya mama huyu. Alikuwa amemwogopa, amemchukia kidogo, hata juzi kule Butembo alikuwa amemwambia mama yake mzazi kwamba shangazi ya Zacharie ni mtu mgumu. Na mama wa watu hakuwa amesema neno. Maswali yote yalikuwa ya Zacharie, Zacharie wake, aliyeongea naye kila alfajiri kwa miaka mitatu na hakuthubutu kuuliza.

"Ungeniuliza," alimwambia. "Ungeniuliza tu, weye na mudomo yako."

"Jemima..."

"Hapana. Tante, samahani. Nitatafuta pikipiki, nipande gari ya Butembo leo leo."

"Ikala," Tante akasema.

"Tante, nimekasirika sana."

"Naona. Kasirika ukiwa umeikala, inje mvua inakupiga. Tena miye bado niko na yangu. Hamujaniuliza miye nilikuyia nini."

Jemima akakaa. Mtu hamkatalii Tante Kanyere kwa urahisi.

"Yangu ni pete," Tante akasema. Akamnyooshea Jemima kidole. "Zacharie alitia foto yako ku statut ya simu yake. Umesimama na blouse nyeupe, unacheka. Mutoto wa jirani alinikuzia hiyo foto na vidole, hivi, hivi. Nikaona pete ku kidole. Nimeikala na hiyo pete mu roho wiki mbili. Sikumuambia mutu, juu nilisema nitauliza mwenyewe macho kwa macho. Nani alikuvalisha?"

Jemima alimwangalia bila kuelewa. Pete? Halafu akakumbuka ile picha, na ile saa, dawa imetoka, glavu zimevuliwa, mwenzake anasema geuka nikupige. Jamani, hasira na kicheko vikikutana kifuani ni taabu. Kicheko kikashinda. Alicheka mpaka machozi.

"Tante! Hiyo pete ni ya plastiki! Ni ya kazi!"

"Pete ya kazi ni nini?"

"Tunaivaaka chini ya glavu. Ndani iko kidude kidogo, njo inahesabuka mionzi yenye inapiga vidole. Mwezi ukiisha banaipeleka kuisoma. Ikisema nimepigwa mingi, banaongea na miye, banaweza kunitoa ku kazi."

"Na inasemaka nini?"

"Inasemaka ninachunga, Tante. Kila mwezi." Akageuka kwa Zacharie, ingawa alikuwa anamjibu Tante. "Na siku nitapata mimba, nitabaambia siku ile ile, nitaacha kugusa mionzi, nitafanya mahesabu mu bureau mupaka mutoto azaliwe. Benzangu babili balizala vile. Bana babo banakimbia, banavunja vikombe. Mutu angeniuliza, ningemuambia zamani."

Zacharie akavua kitenge, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya gunia kwa adabu.

"Niliogopa," alisema. "Nikiuliza miye, utasema uliyempenda ni mushamba, anaogopa mashine. Nikisema ni Tante, utamujibu na roho muzuri. Njo nilifanya vile."

"Na miye unanipa ubaya ya bure," Tante akasema.

"Ndiyo, Tante. Nimekosa. Kwenu mwote."

Tante aliweka mikono magotini. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, anaigeuza. Alipoinama hivyo, uso wake ulikuwa tofauti, na Jemima akaona kwamba mama huyu aliwahi kuwa msichana mzuri sana.

"Jemima. Hiyo dawa yako, inaweza kuona mutu mwenye anatetemeka mikono?"

"Ndiyo, Tante. Njo bale ba kwanza kabisa. Kuna ugonjwa inakula pale pa dopamine, pole pole. Mukono unatetemeka, mutu anatembea na hatua fupi, uso haucheki tena. Ukimupiga picha na dawa, ile pahali inaonekana imefifia. Munganga anajua ni nini."

"Uso haucheki tena," Tante akarudia. "Mathe wangu alikuwa vile."

Zacharie akainamisha kichwa. Mathe alikuwa mume wa Tante, marehemu sasa.

"Alianza na kidole moja," Tante akasema. "Baadaye mukono, baadaye mwili muzima. Nilimulisha na kijiko miaka mingi. Na batu ba kwabo banasema ni Kanyere alimutia kitu mu chakula. Mu misa banahama kiti nikiikala. Yeye mwenyewe ku mwisho akaanza kuangalia ile sahani, kisha ananiangalia miye." Akapanga tena kanga yake. "Hiyo tu njo iliniuma. Bengine, wacha."

Jemima akainuka. Akahama kutoka gunia lake, akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Ile tunatengeneza sasa ni mupya, Tante. Ya kwanza ilikataa kuingia mu kichwa, ikabaki ku baraza kama mugeni mwenye haya. Ya pili pia. Ya tatu iliingia, lakini inashika popote, picha yote nyeupe, hauoni kitu. Hii ya ine inaingia, inashika pale tu. Kwa panya iko muzuri. Kwa batu bado kujaribu. Tunataka ione ugonjwa mapema, ikiwa bado kidole moja."

"Kidole moja," Tante akasema. Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, halafu ghafla akacheka. "Ningekuwa na hiyo picha, ningeibandika ku mulango ya kanisa, kubwa hivi! Kila mutu aone kichwa ya Mathe, akuye aniombe musamaha kwa mustari!"

Wakacheka wote watatu, hata Zacharie, ingawa alicheka kwa woga, hajui kama ameruhusiwa.

"Sikiliza," Tante akamwambia Jemima. "Hiyo kazi hapana acha. Mutu akikuambia acha, hata akiwa huyu mwenye ninamulea, umuambie Kanyere amekataa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Tante. Wasingya, aksanti."

"Na weye." Akamgeukia Zacharie. "Uko na swali ao hauna? Uliza. Lakini uulize na kichwa yako, hapana na yangu."

Zacharie akatoka pale aliposimama, akaja akachuchumaa mbele ya Jemima. Ndevu zake zilikuwa na maji ya mvua. Hakuangalia buti tena.

"Jemima. Hii ni miye. Utarudia?"

Jibu lile la kupikwa likamjia mdomoni lenyewe. Akalimeza.

"Sijue lini," alisema. "Ukweli, sijue. Nataka kuona hiyo dawa ya ine ikiingia kwa mutu wa kwanza. Inaweza kuwa miaka mbili, inaweza kuwa tatu, inaweza kukataa. Nataka kurudia, Zacharie, hapa njo kwetu, na nataka batoto bangu baongee kama siye. Lakini nikikutajia mwaka leo, nitakuwa nakudanganya."

Ilimwuma, Jemima aliona. Zacharie alipangusa maji kwenye ndevu. Kwa kitambo kidogo Jemima aliogopa kweli, akafikiri, basi, imekwisha, Jumamosi hakuna mtu atakayepanda Butembo.

"Donc nitakuya miye," Zacharie akasema.

"Wapi?"

"Kule. Kakao ikiwa mingi nitakuwa hapa, ikipunguka nitakuya. Lusenge, kijana wangu wa kazi, anaweza kubaki na depo, anajua kununua kuliko miye. Nilikuwa nataka kukuambia hiyo tangu Kasindi, lakini nilisema nikuulize kwanza kama utarudia. Nikikuambia nitakuya, hautasumbuka tena kurudia. Njo niliwaza vile. Ni upumbafu."

"Ni upumbafu," Jemima akakubali. "Na kule utafanya nini?"

"Nitapika. Utatoka kazini umechoka, utakuta sombe iko moto."

"Huyu hajui kupika sombe," Tante akasema pembeni.

"Nitajifunza, Tante."

"Anaunguzaka hata maji."

Jemima alitaka kubaki na hasira yake angalau hadi jioni. Alikuwa na haki nayo. Lakini alimwona Zacharie jikoni kwake, kule mbali, anapambana na sufuria, na hasira ikaanza kumponyoka.

Tante Kanyere akasimama, akanyoosha kiuno, akavaa viatu vyake. "Nimesikia maswali yote yenye mulitayarisha," alisema. "Tumbo, mionzi, miaka, sijui nini. Batu mulisoma vile, na mulisahau moja." Akamwangalia Jemima usoni, bila kucheka. "Unamupenda?"

Jemima akafungua mdomo. Wiki nzima ya kutayarisha, na hili halikuwamo. Alimwangalia Zacharie aliyechuchumaa pale chini, amelowa, ana alama ya kitenge kwenye paji la uso, anamsubiri kama mtu anayesubiri hukumu. Alimwona mwoga, na mwongo wa wiki moja, na mtu aliyekuwa tayari kuacha magunia yake yote amfuate mahali asipojua hata kusalimia.

"Namupenda, Tante," alisema, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyaita. "Hata leo yenye amenikosea. Leo mingi kuliko jana."

Zacharie akasimama, akapiga hatua moja kwake, mikono imefunguka. Kisha akakumbuka Tante yupo, akasimama palepale na mikono hewani.

"Jumamosi tunapanda Butembo mapema, hapana chelewesha batu," Tante Kanyere akasema. Akaenda mpaka mlangoni, akawapa mgongo. "Sasa miye niko naangalia mvua."